KUTOKA KISANDUKU HADI SIMU: KIKUNDI KIHAME BILA KUPOTEANA



Siku hizi ni vigumu kumaliza mkutano wa kikundi bila mtu kusimama na kusema, "Jamani, tuachane na haya mambo ya daftari. Wenzetu wote wako kwa simu." Mara nyingi anayesema ni kijana, na mara nyingi ana haki ya kusema. Daftari hulowa mvua. Panya hulitafuna. Kurasa za katikati huchomoka, na mwandiko wa katibu wa zamani huenda akausoma yeye peke yake. Tena kisanduku chenye pesa taslimu humnyima usingizi yule anayelala nacho nyumbani.

Tangu M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwezi wa Machi 2007, watu wa vijijini wamezoea kutuma na kupokea pesa kwa simu, hata kwa ile simu ndogo ya mulika mwizi. Kwa hiyo si ajabu kikundi nacho kutaka kuhamia huko: michango ilipwe kwa simu, pesa ikae benki au katika chama cha akiba na mikopo, na hesabu ziandikwe katika programu badala ya daftari.

Kuhama si kubaya. Shida huwa ni namna ya kuhama. Kikundi kinaweza kupata mpango mzuri kabisa na bado kikavunjika, kwa sababu watu walihama mbio mbio na hesabu ambayo hawakukubaliana, au waliacha nyuma kitu kilichokuwa kikiwalinda bila kujua kwamba kilikuwa kikiwalinda. Makala hii inaeleza jinsi ya kuhama hatua kwa hatua.

MAKUFULI MATATU YALIKUWA YA NINI?

Tuanze na kisanduku chenyewe. Vikundi vingi vya kuweka na kukopeshana hutumia kisanduku cha chuma chenye makufuli matatu. Mtindo huu wa akiba za vijijini ulianza nchini Niger mwaka 1991, shirika la CARE lilipokuwa likifanya kazi na akina mama wa huko, na baadaye ukaenea katika nchi nyingi za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo. Mtu mmoja hutunza kisanduku, na watu wengine watatu kila mmoja hutunza ufunguo wake. Kisanduku hufunguliwa mbele ya mkutano tu. Pesa huhesabiwa kwa sauti, kila mtu akiona. Kabla ya kufunga, wanachama husikilizishwa salio na kulikariri, na mkutano ujao hufunguliwa kwa kulitaja tena.

Ukitazama kwa makini utaona kwamba kisanduku kile si mahali pa kuwekea pesa tu. Ni sheria. Kinasema: hakuna mtu mmoja anayeweza kutoa pesa akiwa peke yake, na hakuna pesa inayoingia au kutoka gizani. Mama mzee asiyejua kusoma analindwa sawa na mwalimu mstaafu, kwa maana wote wana macho na masikio.

Sasa fikirieni kikundi kinachosema, "Tumehamia kwa simu," kumbe pesa yote imewekwa katika laini ya mweka hazina. Funguo tatu zimegeuka namba moja ya siri yenye tarakimu nne, nayo iko kichwani mwa mtu mmoja. Hakuna aliyepiga kura kuondoa makufuli. Yamepotea tu njiani, na hakuna aliyeona.

Basi swali la kwanza la kuuliza kabla ya kuhama ni hili: yale makufuli yetu matatu tutayaweka wapi katika mpango mpya? Msipopata jibu, bakini na kisanduku chenu mpaka mlipate.

HATUA YA KWANZA: SEMENI KWA NINI MNAHAMA

"Wenzetu wamehama" si sababu. Ketini mwandike katika kumbukumbu za mkutano shida mnayotaka kuondoa. Je, ni hofu ya wezi? Je, ni wanachama walioko mjini ambao hawawezi kufika kila wiki? Je, ni hesabu za riba zinazochukua saa tatu kila mkutano?

Kila shida ina dawa yake. Kama shida ni wezi, huenda mkahitaji akaunti ya benki tu, na daftari likabaki. Kama shida ni hesabu, huenda mkahitaji programu, na kisanduku kikabaki. Si lazima mhamishe kila kitu siku moja. Kikundi kinachobadilisha mahali pa pesa, namna ya kuandika, na viongozi wote kwa wakati mmoja, kitu kikiharibika hakitajua kilichokiharibu.

HATUA YA PILI: FUNGENI HESABU YA ZAMANI

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, na ndiyo inayoleta ugomvi baadaye. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini daftari lenye kosa likihamishiwa kwenye simu, kosa haliponi. Linakaa tu mahali ambapo ni vigumu zaidi kuliona, na watu wataliamini kwa sababu "mashine imesema."

Tuchukue mfano wa kikundi chenye wanachama 24. Daftari linaonyesha:

Akiba za wanachama: shilingi 86,400
Mfuko wa jamii: shilingi 4,800
Faini: shilingi 900
Riba iliyopatikana: shilingi 5,700
Jumla: shilingi 97,800

Hiyo ni pesa ambayo kikundi kinapaswa kuwa nayo. Sasa wanahesabu ile iliyopo. Kisandukuni wanapata shilingi 31,300. Mikopo iliyo mikononi mwa wanachama ni shilingi 66,000. Jumla ni shilingi 97,300. Zimepungua shilingi 500.

Hapa mtu atasema, "Ah, mia tano ni nini, tuendelee." Msiendelee. Mia tano hiyo ikihamia katika mpango mpya, mwezi ujao mtu atasema simu imeila, na mwezi unaofuata watasema ni mweka hazina. Rudini nyuma kurasa kwa kurasa. Katika mfano wetu wanagundua kwamba mkopo wa shilingi 6,500 uliandikwa 6,000. Aliyekopa anakubali, mkopo unasahihishwa, na mikopo yote inakuwa shilingi 66,500. Ukijumlisha na zile 31,300 za kisandukuni, unapata 97,800 kamili.

Na kama kosa halionekani hata baada ya kutafuta? Basi mkutano uamue wazi wazi jinsi ya kulifunga, kwa mfano kulitoa katika faini, na uamuzi uandikwe. Jambo lisilofaa ni kulifunika.

Baada ya hapo, msomeeni kila mwanachama hesabu yake kwa sauti mbele ya wote: akiba yake ni kiasi gani, deni lake ni kiasi gani. Akikubali, aweke sahihi au kidole gumba. Asiyekuwepo asubiriwe au afuatwe nyumbani na watu wawili. Siku mtakapoanza mpango mpya, hakuna mtu atakayesema, "Mimi nilikuwa na zaidi ya hiyo."

HATUA YA TATU: CHAGUENI SIKU INAYOFAA

Vikundi vingi hugawana akiba mwishoni mwa mwaka. Kama na ninyi hufanya hivyo, basi wakati mwepesi kuliko wote ni baada ya kugawana. Mikopo imerudi, kila mtu amechukua chake, na kisanduku ni kitupu. Mnaanza mwaka na ukurasa safi, bila kuhamisha madeni ya zamani.

Epukeni wiki za kufungua shule, ambapo kila mtu anatafuta karo na mikopo ni mingi. Epukeni pia wakati wa kupanda na wa kuvuna, kwa sababu watu wamechoka na hawahudhurii vizuri. Kitu kipya kinataka watu wote wakae chini na wasikilize.

Mkishachagua siku, itangazeni mapema na msiibadilishe ovyo. Tuna mfano ambao Wakenya wengi wanaukumbuka. Tarehe 1 Juni 2019 Benki Kuu ya Kenya ilitangaza noti mpya. Noti ya zamani ya shilingi 1,000 ilipewa mpaka mwisho wa Septemba mwaka huo, na kuanzia tarehe 1 Oktoba 2019 haikuwa pesa tena. Noti za zamani za 50, 100, 200 na 500 ziliendelea kutumika. Kwa miezi minne, elfu ya zamani na elfu mpya zilitembea pamoja sokoni. Siku ya mwisho ilijulikana tangu mwanzo, kila mtu alijua pa kwenda kubadilisha, na si kila noti iliyoondolewa kwa mkupuo mmoja. Hata hivyo, aliyesahau pesa yake chini ya godoro aliumia. Kikundi kinaweza kujifunza yote mawili: weka siku ya mwisho, na hakikisha hakuna mwanachama anayeachwa nyuma kwa kutosikia habari.

HATUA YA NNE: REJESHENI MAKUFULI YENU

Laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mtu mmoja ni ya mtu huyo. Kikundi kinaweza kusema ni yetu, lakini kampuni ya simu inamjua yeye tu. Akifariki, Mungu apishe mbali, itakayotambuliwa ni familia yake, wala si kikundi. Akihama au akikosana nanyi, mtabaki mkimbembeleza. Na msidhani dawa ni kuwapa watu watatu namba moja ya siri. Hapo mmeongeza wanaoweza kutoa pesa bila mwenzao kujua, tena masharti ya kampuni hukataza mtu kutoa namba yake ya siri kwa mwingine.

Njia iliyo salama zaidi ni kutenganisha kuingia na kutoka. Pesa iingie kwa simu, moja kwa moja hadi akaunti ya kikundi katika benki au chama cha akiba na mikopo, kwa kutumia namba ya Paybill ya benki hiyo. Pesa kutoka isiwezekane bila idhini ya watu wawili au watatu waliochaguliwa na mkutano. Hao ndio makufuli yenu mapya. Ili kufungua akaunti ya namna hii, kwa kawaida mtaombwa cheti cha usajili wa kikundi, katiba na kumbukumbu za mkutano zinazotaja walioruhusiwa kuweka sahihi. Vikundi vya jamii nchini Kenya husajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2022 ya usajili wa vikundi vya jamii, kwa hiyo kama usajili wenu una walakini, malizeni hilo kwanza na afisa wa maendeleo ya jamii wa eneo lenu.

Msiwachague watu wa nyumba moja kuwa waweka sahihi. Mume, mke na shemeji ni kufuli moja yenye funguo tatu.

Na ile kazi ya macho na masikio? Katika kila mkutano, taarifa ya benki au ujumbe wa malipo usomwe kwa sauti: tarehe, jina, kiasi, salio. Kila malipo ya M-Pesa yana nambari yake ya herufi na tarakimu. Nambari hiyo iandikwe kwenye daftari mbele ya jina la aliyelipa. Mtu akisema, "Nilituma," aulizwe nambari. Hakuna haja ya kubishana.

HATUA YA TANO: YA ZAMANI NA MPYA ZITEMBEE PAMOJA

Usiache mbachao kwa msala upitao. Kwa miezi mitatu ya kwanza, daftari liendelee kuandikwa pamoja na programu. Katibu aandike daftari, na mtu mwingine aandike kwenye simu. Wasiwe mtu mmoja, maana mtu mmoja atanakili tu kosa lake mara mbili.

Mwisho wa mkutano walinganishe. Jumla ya daftari ni kiasi gani? Jumla ya simu ni kiasi gani? Zikilingana, mwenyekiti atangaze. Zisipolingana, msifunge mkutano mpaka mjue ni kwa nini. Amueni tangu mwanzo ni hesabu ipi itakayofuatwa zikitofautiana. Katika miezi hiyo mitatu ni afadhali liwe daftari, kwa sababu ndilo wanachama wote walilolizoea.

Ni kweli, kazi inakuwa maradufu, na watu watalalamika. Lakini hiyo ndiyo bei ya kuhama kwa amani. Miezi mitatu ikiisha, mkutano mkuu upige kura: tuendelee, tuongeze muda, au turudi tulikotoka. Kurudi si aibu. Kwa hiyo msiuze kisanduku, wala msitupe funguo zake, kabla ya kura hiyo. Na daftari la zamani lisichomwe kamwe. Lifungwe, litiwe sahihi ukurasa wa mwisho, na litunzwe.

WATU WASIOPASWA KUSAHAULIWA

Mpango mpya hupimwa kwa yule ambaye ni mgumu zaidi kwake. Katika vikundi vyetu yuko mama asiyejua kusoma, yuko mzee ambaye macho yake hayaoni maandishi madogo ya simu, na yuko asiye na simu kabisa. Hawa wasiambiwe, "Mpe mjukuu akusaidie," ati hilo ni jibu. Mjukuu akijua namba ya siri ya nyanya yake, shida nyingine imezaliwa.

Wanaotaka kulipa taslimu waruhusiwe kulipa mkutanoni, mbele ya wote, na watu wawili waipeleke pesa kwa wakala siku hiyo hiyo na kurudi na uthibitisho. Kijitabu cha kila mwanachama kiendelee kugongwa muhuri. Kutaja salio kwa sauti kuendelee. Tena hesabuni ada za kutuma na kutoa pesa, na mkubaliane kama zinabebwa na mwanachama au na kikundi. Kwa anayechanga kidogo kila wiki, ada ndogo ndogo kwa mwaka mzima si mchezo.

Yuko pia mweka hazina wa zamani. Mara nyingi amelitunza lile daftari kwa miaka mingi bila malipo. Akisikia tu, "Tunaleta mashine ili pesa isipotee," atasikia, "Wewe ni mwizi." Mwambieni mapema, na mshukuruni hadharani. Mpeni nafasi ya kukabidhi vizuri: daftari, stakabadhi, muhuri, funguo, kila kitu kikiandikwa na kutiwa sahihi na anayekabidhi na anayepokea. Yeye ndiye anayejua kwa nini mwaka fulani akiba ya mtu fulani ilisimamishwa. Mkimkosea, ujuzi huo utaondoka naye.

Wa mwisho ni kijana aliyeweka programu. Asiwe yeye peke yake anayejua kuifungua. Angalau watu watatu wafundishwe, na kila mwezi hesabu zichapishwe au zinakiliwe kwa mkono, nakala ikae na katibu. Simu huibwa, huanguka majini, huzima. Kumbukeni pia kwamba majina, namba za vitambulisho na za simu za wanachama ni siri yao, na zinalindwa na sheria ya mwaka 2019 ya ulinzi wa data. Zisitumwe ovyo katika makundi ya WhatsApp.

DALILI ZA KUSIMAMA KWANZA

Mkiona mojawapo ya mambo haya, simameni kabla ya kuendelea: taarifa ya benki haijasomwa mikutano miwili mfululizo, mtu mmoja tu ndiye anayejibu maswali yote ya hesabu, wanachama wameacha kuuliza, au mkutano umefupishwa kwa sababu "kila kitu kiko kwa simu." Mkutano ndio kufuli kubwa kuliko yote. Watu wakiacha kukutana na kuhesabu pamoja, hakuna programu itakayowachunga.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Leo hii, ni watu wangapi wanaohitajika ili pesa yetu itoke? Baada ya kuhama watakuwa wangapi?
2. Kila mmoja wetu anaweza kutaja akiba yake na deni lake bila kutazama daftari?
3. Tukifunga hesabu wiki hii, zitalingana? Tukipata upungufu, tutafanya nini?
4. Ni nani kati yetu atakayepata taabu zaidi na mpango mpya, na tumemuuliza maoni yake?
5. Tutachagua siku gani ya kuanza, na siku gani ya kupiga kura?

Someni makala hii pamoja, sehemu moja kila mkutano kama ni ndefu. Asiyejua kusoma asomewe. Kisha mwandike majibu yenu katika kumbukumbu, maana hayo ndiyo yatakayokuwa mwanzo wa mpango wenu mpya.